Nishani za Askari wa Keya na Namna ya Kuzitambua

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, chini ya sanduku la nguo au ndani ya mkebe mkuukuu, huenda ikaonekana nishani ya askari wa zamani. Watoto huichezea, na mzee akiisha kufariki hapana ajuaye ni ya vita gani. Makala haya yaeleza jinsi ya kuzitambua nishani za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo watu wetu waliliita Keya.

Kwanza, tazama umbo na utepe. Katika nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia, mbili ndizo zionekanazo zaidi, nazo ni za duara, upana wake milimita 36. Moja ni ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Utepe wake una rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu. Ya pili ni ya shaba, yenye sura ya mwanamke mwenye mabawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua.

Katika Vita vya Pili zilitolewa nyota zenye pembe sita, za madini ya manjano. Utepe wa Nyota ya Afrika ni wa rangi ya mchanga wa jangwani, wenye mistari ya nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, buluu nzito kwa jeshi la majini, na buluu nyepesi kwa jeshi la anga. Waliopigana Uhabeshi mwaka 1941 walistahili nyota hiyo. Utepe wa Nyota ya Burma ni wa buluu nzito, wenye nyekundu pana katikati, na mistari ya rangi ya chungwa kuonyesha jua. Hiyo ni ya watu kama wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw mwaka 1944 mpaka Mto Chindwin.

Pili, tazama ukingo. Kwenye zile nishani mbili za Vita vya Kwanza utaona namba, cheo, jina na kikosi. Kama ukingo ni mtupu na upana umepungua, yamkini mtu amelisugua jina hata likafutika. Kwa hiyo usiisugue nishani kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arishia shaba, maana kila usuguapo herufi huliwa. Kitambaa laini kikavu chatosha. Utepe nao usiutupe, hata ukiwa umechakaa.

Lakini nyota za Vita vya Pili Serikali ya Uingereza iliwapa askari wa Keya bila kuziandika jina. Nyota ya mtu wa Tabora haina tofauti na ya mtu wa London. Ikiisha kutoka mikononi mwa jamaa zake, mnunuzi wa mjini aweza kuitaja bei, bali mwenyewe hawezi kumtaja.

Basi chombo cha kwanza cha mkusanyaji ni daftari. Andika jina la askari, kijiji chake, batalioni yake, mahali alipopigana, na nani aliyekusimulia, pamoja na tarehe. Piga picha pande zote mbili. Nishani za mtu mmoja usizitenganishe: Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma zikikaa pamoja hueleza kwamba mtu huyo alitoka vita moja akavuka bahari kwenda nyingine.

Kijana wa miaka 20 aliyekwenda Burma mwaka 1944, leo angekuwa amepita miaka 100. Waliobaki kuulizwa ni wajane na watoto wao, nao pia wanazeeka. Waulizeni likizo hii, kwani mali bila daftari huisha bila habari.