Kupanga Kurasa za Kozi Mtandaoni kwa Vipengele Vilivyo Tayari

Kozi za mtandaoni si jambo geni tena nchini mwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa miaka mingi kiliwafikia wanafunzi wake kwa vitabu vilivyochapwa. Leo wanafunzi hao huingia katika mfumo wa Moodle. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na mafunzo endelevu ya walimu kazini, maarufu kama MEWAKA, nayo hutumia mtandao. Hivyo mwalimu wa kata ya Malolo, wilayani Ruangwa, anaweza kufungua somo lile lile analofungua mwenzake wa Dodoma.

Lakini kufungua somo si sawa na kulielewa. Aliye darasani akikwama humwuliza mwalimu, au humgusa jirani yake begani. Anayesoma peke yake usiku, kwa kioo cha simu na bando la kuhesabu, ana ukurasa tu. Ukurasa ukiwa umevurugika, anakosa tarehe ya kazi, anaruka onyo la muhimu, kisha tunamwita mvivu. Pengine hakuwa mvivu. Pengine hakuona.

Katika makala hii tunaeleza njia moja rahisi ya kumsaidia mwanafunzi huyo, nayo ni kutumia vipengele vya usanifu ambavyo wengine wamekwisha kuvitengeneza.

Vipengele hivyo ni nini?

Ni vipande vya ukurasa vilivyokwisha kupangwa rangi, ukubwa wa herufi, nafasi na alama: kisanduku cha onyo, kadi ya mfano, kitambulisho cha tarehe ya mwisho, orodha ya malengo, kitufe cha kubofya. Mwalimu hachori kitu. Anachagua kipande, anaandika maneno yake ndani, basi.

Jambo lenyewe si geni kwa wasomaji wa gazeti hili. Tazama Misale ya Altare. Maneno ya kutamkwa yamechapwa kwa wino mweusi, na maelekezo ya kutenda kwa wino mwekundu. Ndiyo maana maelekezo hayo huitwa rubrika, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya wekundu. Padre akifungua Misale katika parokia asiyoijua, hahitaji kuelezwa lipi la kusema na lipi la kutenda, kwa sababu rangi ina maana moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Siku wino mwekundu ukitumika kwa kupamba tu, msaada huo umekwisha.

Kanuni ya kozi za mtandaoni ni hiyo hiyo. Kipengele kinasaidia pale kinapokuwa na kazi moja, na kazi hiyo haibadiliki. Kikitumika kama pambo, kinaongeza vurugu.

Vinapatikana wapi?

Tutazungumzia Moodle, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika vyuo vyetu vingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, na hadi leo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ndani yake kuna njia tatu za kupata vipengele.

Ya kwanza ni Bootstrap. Huu ni mkusanyiko wa mitindo uliotengenezwa na wahandisi wa Twitter na kutolewa bure mwaka 2011. Mwonekano wa kawaida wa Moodle, uitwao Boost, umejengwa juu yake, kwa hiyo mitindo hiyo tayari imo na haihitaji kusakinishwa. Mwalimu hufungua kihariri cha maandishi, anabofya sehemu ya kuonyesha msimbo, na katika aya anayotaka anaongeza maneno haya: class="alert alert-warning". Akihifadhi, aya inakuwa kisanduku cha onyo. Akiandika info mahali pa warning, anapata kisanduku cha taarifa.

Ya pili ni programu-jalizi iitwayo C4L. Hii imebuniwa mahususi kwa kufundishia. Inaweka ndani ya kihariri orodha ya vipengele kama dhana kuu, kidokezo, mfano, tahadhari, malengo ya somo, muda unaokadiriwa na tarehe ya mwisho. Mwalimu hagusi msimbo kabisa, ila msimamizi wa mfumo lazima aisakinishe kwanza.

Ya tatu ni H5P, mradi uliozaliwa Norway, wenye maswali na mazoezi ya kubofya yaliyo tayari kujazwa. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, shughuli ya H5P imo ndani ya Moodle yenyewe. Inafaa sana kwa zoezi fupi, lakini hula bando zaidi ya kisanduku cha maandishi, kwa hiyo itumike kwa kiasi.

Mfano: somo la salfa

Tuchukue mfano unaoeleweka Ruangwa na Nachingwea. Tuseme tunaandaa kozi fupi kwa vijana wanaolima korosho, na somo la leo ni kupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga. Mara nyingi somo kama hilo huwekwa hivi, kwa mkupuo mmoja:

“Ubwiriunga ni ugonjwa unaosababishwa na kuvu, nao hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho na kupunguza mavuno. Salfa ya unga hupulizwa mapema asubuhi upepo ukiwa umetulia. Mpulizaji avae barakoa na miwani kwa kuwa vumbi huwasha macho na kifua. Soma sura ya pili kisha jibu maswali matano kabla ya Ijumaa.”

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini sentensi nne zinafanya kazi nne tofauti, na zote zimevaa nguo moja. Kijana anayepitisha macho kwenye simu huenda akaondoka na sentensi ya kwanza, akaacha ya barakoa na ya Ijumaa. Moja itamgharimu alama. Nyingine itamgharimu afya.

Sasa tuzigawe. Juu kabisa tunaweka lengo: “Ukimaliza somo hili utaweza kueleza lini na namna gani ya kupuliza salfa.” Inafuata kadi ya dhana kuu yenye maana ya ubwiriunga. Maelezo ya namna ya kupuliza yanabaki aya ya kawaida, kwa sababu ndiyo mwili wa somo. Sentensi ya barakoa na miwani inaingia katika kisanduku cha tahadhari, kabla ya hatua za kupuliza na si baada yake, maana onyo linalokuja baada ya tendo halimkingi mtu. Mwisho tunaweka kazi ya kufanya, pamoja na kitambulisho cha tarehe.

Maneno karibu ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba kila sentensi sasa inajitambulisha. Zaidi ya hayo, kazi ya kuzigawa imetulazimisha sisi wenyewe kujiuliza: hii ni dhana, ni onyo, au ni agizo? Mwalimu akishindwa kujibu, mwanafunzi hataweza.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kubaliana na wenzako. Kama katika somo la kwanza kisanduku cha bluu ni kidokezo, kisiwe kazi ya nyumbani katika somo la tano. Walimu wa kozi moja waandike orodha fupi ya vipengele vinne au vitano na kazi ya kila kimoja.

Pili, usijaze. Ukurasa wenye visanduku kumi na viwili hauna kisanduku hata kimoja, kwa kuwa jicho halijui pa kutua.

Tatu, rangi isiseme peke yake. Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na wapo wasioona ambao husomewa ukurasa na programu ya sauti. Kisanduku cha onyo kianze kwa neno lenyewe, “Tahadhari”. Maandishi yatofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma yake. Kanuni za kimataifa za WCAG zinataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki, hasa kwenye jua la Lindi.

Nne, kagua kwa simu. Jedwali linalopendeza kwenye kompyuta ya ofisi huweza kukatika kwenye simu. Programu ya simu ya Moodle humwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa kwenye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao, na hilo ni msaada mkubwa vijijini. Hata hivyo baadhi ya mitindo, hasa vichupo na maelezo yanayofichwa hadi ubofye, huenda isifanye kazi humo. La muhimu lisifichwe.

Tano, punguza picha. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kuwa na megabaiti kadhaa. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 800 hivi, inatosha kwa somo na inaokoa bando. Kisanduku cha maandishi, kwa upande wake, hakigharimu karibu chochote, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipendelea kuliko bango la picha lenye maneno ndani yake.

Tuanzie wapi?

Tusidanganyane: kisanduku kizuri hakiokoi somo lisilo na kitu. Malengo yasiyoeleweka yakiwekwa kwenye kadi yatabaki kutoeleweka. Vipengele hutumikia somo, havichukui nafasi yake.

Kwa hiyo hatushauri kubomoa kozi nzima na kuanza upya. Chukua somo moja, lile ambalo wanafunzi huuliza maswali mengi zaidi. Tafuta ndani yake agizo moja na onyo moja, uviweke katika vipengele vyake. Kisha mpe simu mtu ambaye hajawahi kuliona somo hilo, umwulize mambo mawili: ufanye nini, na kabla ya lini? Akijibu bila kukuuliza, endelea na somo linalofuata. Akisita, usimsahihishe yeye; sahihisha ukurasa.