Boerboel katika Joto la Misisi

Misisi, mji wa wilaya ya Fizi, umekua kwa dhahabu, na penye dhahabu watu hulala jicho moja wazi. Anayenunua na kuuza huzungushia parseli yake ukuta, huajiri sentineli, kisha huanza kuulizia mbwa mkubwa. Leo namweleza Boerboel, mbwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, kwa sababu wengi humtamani kwa umbo lake bila kujua anakula nini na huugua nini.

Boerboel alizalishwa na wakulima wa huko kulinda mashamba ya mbali, na chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1983. Dume hufikia sentimita 66 na zaidi begani, na uzito waweza kupita kilo 70. Ana kichwa kipana, kifua kikubwa na manyoya mafupi. Huwapenda mno watu wa nyumbani, humshuku mgeni, na huamua mwenyewe bila kungoja amri. Hiyo sifa ya mwisho ndiyo inayotaka malezi.

Wako wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mnyororo kutwa na kulazwa njaa atakuwa mlinzi mzuri. Atakuwa mkali, kweli, ila ukali huo hauchagui: utampata mtoto wa jirani kabla ya kumpata mwizi. Mlinzi ni yule anayejua nani wa kumpisha na nani wa kumzuia, na elimu hiyo huingia akiwa mdogo, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Basi usimtoe kwa mamaye kabla ya wiki ya 8. Akishafika kwako, mkutanishe kwa upole na watoto, wageni, pikipiki, mbuzi, na kelele za mashine za kusaga mawe. Mchana apate nafasi ya kutembea ndani ya ukuta. Usiku aachiwe huru humo humo, geti limefungwa.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Boerboel mzima huhitaji kwa siku nguvu ya chakula inayolingana na ya mwanamume anayefanya kazi. Bugali peke yake hautoshi. Unahitaji kuchanganywa na ndagala wa Ziwa Tanganyika, waliolowekwa ili chumvi ipungue, au na matumbo yaliyochemshwa. Usimpe vitunguu, wala mifupa iliyopikwa, maana hupasuka vipande vikali. Mgawie mara mbili au tatu kwa siku, na usimkimbize baada ya kula: mbwa wa kifua kirefu huweza kujaa gesi, tumbo likajisokota, akafa siku hiyo hiyo. Mtoto naye asinoneshwe haraka. Mifupa yake huendelea kukomaa hata baada ya mwaka mmoja, na uzito wa mapema huharibu nyonga.

Joto la Misisi humchosha. Kivuli na maji safi ni lazima. Mazoezi yawe alfajiri au jioni.

Hatari kubwa zaidi ni kupe. Wanaleta ugonjwa wa damu ambao mbwa wetu wa kienyeji, waliozaliwa kwa vizazi vingi katikati ya kupe, mara nyingi huuhimili, lakini mbwa wa kuletwa huangushwa nao kwa siku chache. Anaacha kula, mwili unachemka, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka mwekundu au kahawia. Ukiona hivyo, usijaribu vidonge vya binadamu. Mtafute daktari wa mifugo siku ile ile. Mpapase mbwa wako kila jioni masikioni, chini ya mkia na katikati ya vidole, umtoe kila kupe, na umpake dawa aliyopangiwa na daktari.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra mno apone. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, arudiwe kila mwaka. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akachanjwe bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Kwa maoni yangu, familia nyingi za Misisi zitalindwa vizuri zaidi na mbwa wawili wa kienyeji walioshiba na kuchanjwa kuliko Boerboel mmoja mwenye njaa. Ulinzi wa nyumba huanza na mbweko wa mapema, na mbweko haudai kilo 70. Anayeweza kumtunza Boerboel na amfuge. Ila kabla ya kuuliza bei ya mtoto wa mbwa, ulizia kwanza chanjo: iko Misisi, iko Baraka, au itabidi ifuatwe Uvira? Ukikosa jibu, usinunue bado.