Basi Halikugonga, Dereva Kaumia

Ikitajwa ajali ya basi, macho hukimbilia kwenye bodi: kioo kimepasuka, bampa imekunjika, trafiki anapima alama za breki. Ipo ajali nyingine isiyoacha hata mkwaruzo. Bodaboda kakatiza, dereva kakanyaga breki kwa nguvu zake zote, hakuna aliyeguswa. Konda anamtukana bodaboda, abiria wanamshukuru Mungu, safari inaendelea. Kesho yake dereva hawezi kugeuza shingo.

Basi likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde linakula karibu mita 14. Likisimama ndani ya sekunde 2, dereva wa kilo 70 husukumwa mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50. Asipofunga mkanda, kinachomzuia ni mikono iliyokaza kwenye usukani, na mabega ndiyo yanayolipa. Gumba nalo lina balaa lake: tairi la mbele likitumbukia shimoni, usukani huzunguka ghafla na kulipinda gumba lililoingizwa ndani ya duara. Usukani wa haidroli umepunguza shida hiyo, haujaimaliza.

Lakini kwangu mimi adui mkubwa ni tuta, hasa lile lisilo na alama, linaloonekana usiku likiwa tayari chini ya taa. Abiria wa siti ya nyuma kabisa wanajua jinsi linavyorusha. Wasichokijua ni kwamba katika mabasi mengi makubwa, yale yenye mlango mbele ya tairi, dereva naye amekaa mbele ya ekseli, kwenye ncha ya mbao ya bembea. Tairi likipanda, yeye hupanda zaidi ya tairi. Akishuka, kiti kikiwa kimechoka au hakikurekebishwa kulingana na uzito wake, springi hugota chini, na kishindo huingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Pingili zinazoumia zaidi ni zile za mpakani, pale kifua kinapokutana na kiuno. Pingili inaweza kubonyea upande wa mbele, na mtu bado akashuka garini kwa miguu yake.

Hata vipimo vya mtikisiko huweza kumficha adui huyu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu mtikisiko kazini inamtaka mwajiri achukue hatua wastani wa saa 8 unapofika mita 0.5 kwa sekunde ya mraba, na inakataza kuvuka 1.15. Lakini wastani ni wastani: tuta moja baya ndani ya siku nzima ya lami laini halionekani. Ndiyo maana wapimaji hutumia pia kipimo kinachokipa kishindo kikubwa uzito wake.

Kwa dereva aliyeumia hivyo, Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake hutolewa na mwajiri. Kuumia kazini hakudai kwanza bodi ibonyee. Tatizo ni deiwaka aliyepewa gari asubuhi kwa maneno ya mdomo, anayewaza zaidi hesabu ya tajiri kuliko kiuno chake. Nani ataandika kwamba alikuwa kazini?

Kwa hiyo dereva aliyerushwa aandike saa na mahali, amwambie msimamizi siku hiyohiyo, na konda awe shahidi. Akihisi ganzi mapajani au sehemu za siri, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, hiyo ni dharura ya saa hiyo, asisubiri kumaliza tripu. Na akifika kwa daktari asiseme tu, “Mgongo unauma.” Kauli hiyo huishia kwenye dawa ya kuchua. Aseme, “Nilirushwa na tuta nikaangukia kiti.” Hapo daktari anayejua kazi yake ataifikiria eksirei.