Ndewe za Ini: Mipaka ya Macho na Mipaka ya Damu

Waswahili husema kwamba neno kali hukata maini. Hutumia wingi, ingawa kila binadamu ana ini moja tu. Je, ini hilo limegawanyika vipi?

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Limelala chini ya kiwambo, upande wa kulia, likilindwa na mbavu. Wanaanatomia wa zamani waligawa ini kwa kulitazama. Mbele waliona utando wenye umbo la mundu, unaotenga ndewe ya kulia, iliyo kubwa, na ndewe ya kushoto. Upande wa chini waliona ndewe mbili ndogo: ya mraba, iliyo jirani ya mfuko wa nyongo, na ya mkia, iliyo karibu na mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Jumla yake ni nne. Tunasema "ndewe" kwa kufuata ncha laini ya sikio, kama vile Kifaransa kinavyotumia neno moja kwa sikio na kwa ini.

Lakini damu haifuati utando huo. Mwishoni mwa karne ya 19, James Cantlie alionyesha kwamba mpaka halisi wa kulia na kushoto hutoka kwenye mfuko wa nyongo hadi kwenye mshipa ule mkubwa. Mwaka 1957, Mfaransa Claude Couinaud alieleza vipande 8, kila kimoja kikiwa na tawi lake la mshipa uletao damu kutoka matumboni, la ateri na la mfereji wa nyongo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mpasuaji akifuata mipaka ya damu, aweza kuondoa kipande kilicho na uvimbe bila ya kuua vingine, na ini lililobaki, likiwa zima, hukua tena. Kwa msingi huo, mwaka 1989, huko Brisbane, mtoto alipewa sehemu ya ini la mama yake, na wote wawili wakaishi.

Basi, mwalimu afundishaye somo hili kwa Kiswahili asichanganye istilahi: "ndewe" ni ya umbo lionekanalo, "kipande" ni cha njia ya damu. Asiyetenga maneno hayo hatamwonyesha mwanafunzi mahali pa kupitisha kisu.