Posta Marekani: Kaunta yabaki, wasambazaji wahama

Machi 2021 Shirika la Posta la Marekani lilitangaza mpango wa miaka 10 wa kupunguza hasara. Sehemu yake moja ni kuwatoa wasambazaji wa barua katika ofisi ndogo na kuwaweka katika vituo vikubwa. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Athens, Georgia, Novemba 2022.

Hesabu yenyewe ni hii. Zamani lori lilipita kila ofisi kushusha mizigo. Sasa hushusha mahali pamoja, na mashine huchambua vifurushi vya miji kadhaa. Lakini msambazaji huanza safari mbali na mtaa wake, hivyo mafuta na saa za kazi huongezeka. Faida ipo tu pale akiba ya malori inapozidi nyongeza hiyo. Mwaka wa fedha 2024 Shirika lilipata hasara ya dola bilioni 9.5.

Kwa mwenye jengo, kaunta ya stempu hubaki, lakini chumba cha nyuma hubaki kitupu. Mkataba ukiisha, mpangaji anaweza kudai nafasi ndogo zaidi. Anayetaka hisa za Postal Realty Trust, kampuni ya majengo ya posta iliyoingia soko la hisa la New York mwaka 2019, atazame kwanza tarehe za kwisha kwa mikataba.