Kabla ya Kukata Barabara, Tafuteni Kibali

Vikundi vingi vya maji hufika mahali ambapo bomba ni lazima livuke barabara. Tangi liko upande wa juu, nyumba ziko ng'ambo. Hapo tunasikia watu wakisema, "Si barabara ni yetu sisi wananchi? Twende na majembe Jumamosi, jioni tutakuwa tumemaliza."

Hapana, ndugu zetu. Kikundi kimoja tunachokijua kilifanya hivyo. Jioni ilifika kazi haijaisha, mvua ikaanza, watu wakaenda nyumbani wakaacha mtaro wazi. Usiku mtu wa pikipiki akaingia humo, akavunjika mguu. Pesa za kununua mabomba zilienda hospitali.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza mtu kujenga au kulaza kitu juu ya barabara, chini yake, au katika ardhi iliyotengewa barabara, bila ruhusa ya maandishi ya wanaoisimamia. Neno la mdomo, hata la chifu, halitoshi.

Tumwandikie nani?

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa husimamiwa na KeNHA. Barabara nyingine za taifa ziko chini ya KeRRA huku mashambani, na KURA mijini. Barabara za kaunti, tangu Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali ya kaunti. Mkiwa na shaka, anzeni na mhandisi wa barabara wa kaunti, atawaelekeza.

Barua iwe na nini?

1. Jina la kikundi na mtu wa kuulizwa.
2. Mchoro wa mahali penyewe, ukubwa wa bomba na kina cha mtaro.
3. Siku na saa za kuanza na kumaliza.
4. Jinsi magari na watu watakavyopita.
5. Jinsi mtakavyorudisha barabara ilivyokuwa.

Ulizeni pia kama kuna ada au amana ya kulipwa, na mdai risiti.

Hiyo namba nne ndiyo wengi huisahau. Chimbeni nusu ya barabara, magari yapite nusu nyingine. Mkilaza bomba na kushindilia udongo vizuri, ndipo mhamie upande wa pili. Wekeni mtu mwenye bendera kila upande, na waonane. Vibao vya kuonya viwe mbali. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, kwa hiyo kibao kilicho karibu na shimo hakimsaidii dereva. Watoto wa shule na wazee nao wawekewe njia yao. Usiku wekeni taa na vitu vinavyong'aa, maana tawi la mti halionekani gizani.

Kama barabara itafungwa kabisa, hata kwa saa moja, msijiamulie. Semeni hivyo kwenye barua, na polisi wa trafiki wajulishwe mapema.

Siku ya kazi, kibali kiwe hapo hapo mnapochimba. Na kabla ya kuondoka jioni, mwenyekiti ajiulize: atakayepita hapa usiku, asiyejua kwamba tumechimba, atajuaje?