Uhakiki wa Kaya za TASAF: Maradhi Sugu Yasiyoonekana kwa Macho

Kaya inayopokea ruzuku kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haiandikishwi mara moja ikabaki humo daima. Taarifa zake hupitiwa upya, ili waliohama au kufariki waondolewe na waliopiga hatua kimaisha wahitimu. Kwa kaya nyingi zoezi hili ni mazungumzo mafupi barazani, basi. Kwa kaya yenye mtu anayeishi na maradhi sugu, mazungumzo hayo mafupi yanaweza kuiondolea kaya haki yake bila mtu yeyote kuwa amesema uongo.

Chukulia mama wa miaka 35 mwenye selimundu. Siku mwezeshaji anapopiga hodi, mama huyo amekwisha kufagia uwanja, amejifunga khanga safi na anamtolea mgeni kiti. Anaulizwa kama anaweza kutembea, anajibu ndiyo. Kuchota maji? Ndiyo, anamshukuru Mungu. Majibu yanaingizwa kwenye kishikwambi na mgeni anaaga. Wiki mbili kabla, mama huyo alikuwa amelazwa, maumivu ya viungo yamemkaba asiweze hata kugeuka kitandani. Hakuulizwa habari hiyo, naye hakuisema.

Sehemu ya tatizo ni adabu. Mswahili akiulizwa hali hujibu “sijambo” hata akiwa na homa, na mgonjwa aliyelazwa huambiwa wageni kuwa “anaendelea vizuri”. Ni desturi njema msibani na hospitalini, lakini katika uhakiki humponza mwenyewe. Mwezeshaji si mgeni wa kujulia hali. Anaandika kile anachoambiwa, na kinachoandikwa ndicho kitakachofanyiwa kazi.

Ikumbukwe kuwa sheria haitazami viungo vinavyoonekana peke yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaeleza ulemavu kwa kuangalia namna mtu anavyokosa au kupungukiwa na fursa ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine. Hata Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliuliza juu ya ugumu anaoupata mtu katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kwa hiyo jina la ugonjwa halitoshi kumpa mtu haki, na kutokuwa na gongo au kiti cha magurudumu hakumwondolei haki hiyo.

Ugumu wa magonjwa kama selimundu, kifafa au pumu kali ni kwamba huja na kuondoka. Kwa selimundu, chembe nyekundu za damu hubadilika umbo, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Baridi, kiu, maambukizi na kazi za sulubu huweza kuyaamsha. Baina ya vipindi hivyo mgonjwa huonekana mzima kabisa. Mtu wa namna hii akieleza siku moja tu, iwe njema au mbaya, anakuwa ameeleza nusu ya maisha yake.

Hivyo basi, wakazi wenye hali hizi wanashauriwa kuwa na daftari dogo. Humo ziandikwe tarehe za kuumwa, siku zilizopita bila kufanya kazi, siku za kulazwa na jina la aliyemsaidia mgonjwa kuoga au kupika. Miezi mitatu ya kumbukumbu hizo inatosha kumwezesha mtu kujibu hivi: “Siku nyingi nachota maji mwenyewe, ila mwezi uliopita siku tisa sikuweza, mwanangu ndiye aliyechota.” Jibu hilo lina uzito kuliko “naumwa sana”. Kutia chumvi hakusaidii, maana majirani wanajua, na taarifa za kaya husomwa mbele yao katika mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa.

Kadi ya kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitalini ziwekwe pamoja, mahali pasipovuja. Anayeomba barua kwa mganga amweleze kuwa kinachohitajika si jina la ugonjwa pekee, bali pia yale ambayo mgonjwa hawezi kuyafanya na mara ngapi hali humzidia. Mwezeshaji aonyeshwe karatasi halisi, asiachiwe. Zimekuwapo kadi zilizochukuliwa kwa nia njema zisirudi.

Jambo la nguvukazi lisipitwe haraka. Kaya yenye mtu mzima anayeweza kufanya kazi huingizwa katika ajira za muda: kuchimba mitaro, kutengeneza barabara, kupanda miti. Mwenye selimundu akihesabiwa humo, kupiga sururu juani bila maji ya kutosha kunaweza kumrudisha wodini. Hili lisemwe siku hiyohiyo ya uhakiki, na itajwe kama yupo mwingine katika kaya anayeweza kushika nafasi yake.

Watoto nao wana jambo lao. Ruzuku ya elimu hufuata mahudhurio, na kiwango kinachotakiwa ni asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto anayelazwa mara kwa mara hushuka chini ya hapo kwa urahisi. Mzazi apeleke nakala ya karatasi ya hospitali kwa mwalimu mkuu kila mara, asisubiri hadi malipo yapungue ndipo aanze kuzitafuta.

Mgonjwa asiye na uwezo wa kujieleza, au ambaye siku hiyo amezidiwa, asimamiwe na ndugu au jirani anayemhudumia. Taarifa zikiandikwa kimakosa, au kaya ikiondolewa bila sababu kueleweka, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kamati ya usimamizi ya jamii katika kijiji au mtaa, kisha kwa mratibu wa TASAF katika Halmashauri. Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kumsaidia mlalamikaji kuandika barua yake. Barua iwe na tarehe, jina la kijiji na maelezo ya kosa lenyewe. Nakala moja igongwe muhuri wa mapokezi, ibaki kwa mlalamikaji.